Zahanati Ipo, Maji Hayapo: Namna ya Kufanya Kazi na Taasisi Usizoziamrisha

Katika mikoa yetu ya magharibi si ajabu kukuta zahanati imeshapigwa rangi, vitanda vimeingia, muuguzi ameripoti, lakini maji ya kunawa baada ya kuzalisha yanachotwa mtoni na ndugu wa mgonjwa. Ukianza kuulizia, kila mtu ana jibu. Waliojenga watakwambia walikamilisha kwa wakati. Watu wa maji watakwambia kijiji hakikuwemo kwenye mpango wao wa mwaka. Watu wa barabara watakwambia njia ile bado haijaingia kwenye mtandao wao, na watu wa umeme wanasubiri mkandarasi. Majibu yote yana nyaraka nyuma yake. Mama bado anajifungulia gizani.

Mwongozo huu ni kwa afisa wa halmashauri, hasa afisa mipango, mganga mkuu wa wilaya, afisa elimu au mtendaji wa kata, ambaye amepewa jukumu linalogusa taasisi nyingine na hana mamlaka juu ya hata moja. Mifano yangu ni ya Kigoma kwa sababu ndiko ninakokufahamu, ila afisa wa Kaliua au Urambo, kule Tabora, atajiona humu.

Kwanza elewa mipaka hii ilivyokuja. Zamani mhandisi wa maji na mhandisi wa ujenzi walikuwa watumishi wa halmashauri. Walikaa kwenye timu ya menejimenti, walisaini mahudhurio pale pale, na mkurugenzi aliweza kumwita yeyote saa nne asubuhi akaja. Mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zikahamia wakala mpya, TARURA. Mwaka 2019, kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5, maji vijijini yakahamia wakala wake, RUWASA. Mimi naamini mabadiliko yale yalikuwa na maana, kwa kuwa fedha za barabara zilibaki kwenye barabara na mhandisi wa maji akaacha kutumwa kusimamia madarasa. Lakini yaliacha pengo moja ambalo halikuandikwa kwenye maelezo ya kazi ya mtu yeyote: nani anahakikisha jengo, bomba, barabara na nguzo vinafika kijiji kimoja mwaka mmoja? Leo TARURA iko chini ya OR-TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia halmashauri; RUWASA iko chini ya Wizara ya Maji; TANESCO na REA, wakala wa umeme vijijini, ziko chini ya Wizara ya Nishati. Ngazi ya juu wanakutana Dodoma. Ngazi ya chini wanakutana kijijini, na pale kijijini anayetazamwa ni wewe.

Hatua ya kwanza: andika kazi moja

Usianze na "kuimarisha ushirikiano na wadau". Hakuna mhandisi atakayetenga fedha kwa ajili ya sentensi hiyo. Andika mahali, kitu na tarehe: "Ifikapo 30 Juni, zahanati ya kijiji fulani iwe na maji ya bomba kwenye chumba cha kujifungulia, na gari la wagonjwa liweze kufika masika." Ukishindwa kuiandika kwa sentensi mbili, ujue una kazi mbili au tatu ndani ya moja. Zitenganishe, kwa sababu kila moja ina mlango wake wa kubishia.

Hatua ya pili: jua nani anasaini nini

Hapa usiharakishe. Makosa mengi ninayoyaona hayatokani na ubishi wa watu. Yanatokana na kumwomba mtu kitu ambacho hawezi kukisaini. Meneja wa wilaya wa taasisi yoyote kati ya hizi ana mambo anayoweza kuyaamua mwenyewe: kupeleka fundi, kufanya upimaji, kuunganisha mteja jirani na mtandao uliopo, kupanga upya ratiba ya matengenezo. Mradi mpya unahitaji ofisi ya mkoa, na mara nyingi makao makuu. Ukimwandikia meneja wa wilaya kumtaka "ajenge mradi wa maji haraka iwezekanavyo", atalipeleka jalada lako juu na utasubiri. Ukimwomba mpimaji wake kwa siku moja, unaweza kumpata wiki ijayo.

Chukua karatasi, andika kila kibali ambacho kazi yako inahitaji, na mbele yake cheo cha mwenye kalamu. Kwa bomba la zahanati ya kawaida Kigoma, orodha inaweza kwenda hivi. Chanzo cha maji, kiwe mto au kisima, kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo bahati nzuri ofisi zake ziko hapa hapa Kigoma. Kama bomba litapita kando ya barabara kuu, utakutana na hifadhi ya barabara: Sheria ya Barabara ya 2007 inatoa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na ndani ya eneo hilo huchimbi mtaro bila ruhusa ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Kama litapita barabara ya kijiji, ruhusa ni ya TARURA. Kama chanzo kiko ndani ya msitu wa hifadhi wa taifa, kuna TFS, wakala wa misitu. Kama tangi litakaa kwenye ardhi ya kijiji, mwenyekiti pekee hawezi kukupa; Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inautaka mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari wake uhifadhi nakala. Wananchi wakilalamika baadaye kwamba shamba lao limechukuliwa, muhtasari huo ndio utakaokusimamia.

Juu ya hao wote wapo wasiosaini kitu ila wanaweza kufungua au kufunga njia: diwani, mtendaji wa kata, katibu tawala wa wilaya, na mwenyekiti wa chombo cha watumia maji, kinachoendesha maji ya kijiji. Waandike upande wa pili wa karatasi. Diwani aliyesikia habari ya mradi kutoka kwa wananchi kabla hajaisikia kwako atauliza maswali magumu kwenye baraza, na atakuwa na haki.

Hatua ya tatu: fika kabla bajeti yao haijafungwa

Kama huna muda wa kusoma mwongozo wote, soma hapa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Bunge linajadili bajeti kuanzia Aprili. Kabla ya hapo, mabaraza ya madiwani yameshapitisha makisio ya halmashauri na taasisi zimeshapeleka maoteo yao makao makuu. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutoka Hazina miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda. Maana yake ni kwamba ombi linalofika mezani kwa meneja mwezi Machi, hata liwe zuri namna gani, linaomba fedha za mwaka ambao mlango wake umeshafungwa. Atakujibu kwa adabu kwamba "limepokelewa na litazingatiwa".

Nenda Agosti. Septemba si mbaya. Oktoba umeanza kuchelewa. Wakati huo meneja ndiyo kwanza anakusanya vijiji vya kuingiza kwenye mpango wake, na wewe una kitu anachokihitaji sana: takwimu. Mpelekee idadi ya wakazi, idadi ya akina mama wanaojifungua kituoni kwa mwezi, umbali wa chanzo, ramani ya kijiji, na muhtasari wa mkutano mkuu. Vipaumbele vilivyoibuliwa na wananchi kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo vina uzito kwenye andiko lake kwa Dodoma. Ukimletea vimeshapangwa, umempunguzia kazi, na kijiji chako kinapanda kwenye orodha bila kumwomba upendeleo.

Ndani ya halmashauri fanya hivyo hivyo, ila kinyume chake. Usiingize ujenzi wa zahanati kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri, kabla hujamuuliza mtu wa maji kama anaweza kufika pale mwaka ule. Akisema hawezi mpaka mwaka unaofuata, una njia tatu: kusogeza ujenzi, kubadili eneo la kiwanja ndani ya kijiji hicho hicho ili kiwe karibu na bomba lililopo, au kuweka kwenye makisio ya jengo matangi ya kuvuna maji ya mvua. Kigoma ina mvua za kutosha kuifanya njia hii ya mwisho iwe ya maana, ingawa kiangazi cha Juni hadi Septemba lazima ukipigie hesabu. Kusogeza kiwanja ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu eneo huchaguliwa na kamati wakati mhandisi wa maji hayupo.

Kwa mahitaji madogo yaliyobaki katikati, mathalani mita chache za bomba au kalvati moja, kuna Mfuko wa Jimbo ambao kamati yake inaongozwa na mbunge, na kuna mapato ya ndani. Fedha hizo si nyingi, lakini zinaweza kuziba pengo ambalo taasisi mbili zingelibishania mwaka mzima.

Hatua ya nne: nenda kwanza, andika baadaye

Barua ya kwanza ikimfikia mtu ambaye hajawahi kukuona, inakwenda masijala, inapata namba, inangoja zamu yake. Kwa hiyo nenda ofisini kwake. Nenda bila ujumbe mkubwa.

— Shikamoo Injinia.

— Marahaba. Karibu Mipango, za huko juu?

— Nzuri. Nimekuja kuomba ushauri kabla sijaleta barua. Kuna zahanati tunaiweka kwenye mwaka ujao. Ukiiangalia ramani yako, bomba lako la mwisho liko wapi?

— Liko shuleni. Toka pale hadi zahanati ni kama kilomita moja na nusu, ila kuna kilima.

— Kwa hiyo maji hayapandi?

— Yatapanda kama tangi likikaa juu ya shule. Nipatieni kiwanja cha tangi na nyaraka zake, mimi naweka bomba kwenye maoteo yangu.

Umeona? Ameshakupa kazi na ameshajipa kazi. Barua inayofuata inaandika makubaliano hayo tu, na iwe fupi: "Rejea mazungumzo yetu ya tarehe fulani ofisini kwako. Halmashauri itakabidhi kiwanja cha tangi pamoja na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ifikapo 30 Septemba. Tunaomba ofisi yako iingize upanuzi wa bomba kutoka shuleni hadi zahanati kwenye maoteo ya mwaka wa fedha ujao." Isainiwe na mkurugenzi, nakala kwa Katibu Tawala wa Wilaya na kwa meneja wake wa mkoa. Nakala ya meneja wa mkoa usiiache kamwe, ila mwambie mwenyewe kabla hujaituma. Mtu akiona bosi wake amepelekewa nakala bila yeye kujua, anahisi ameshitakiwa.

Hatua ya tano: twendeni saiti wote, siku moja

Ziara ya pamoja hukwama kwa mafuta kuliko kwa kitu kingine chochote. Taasisi moja ina gari zima bila mafuta, nyingine ina fedha ya mafuta na gari liko gereji. Lipange hili mapema na liandikwe kwenye dokezo: gari la nani, mafuta ya nani, posho ya dereva inalipwa na nani. Usiliache likaamuliwa asubuhi ya safari. Vijiji vya mwambao wa kusini, kama vile vya kata za Kalya na Buhingu, vina mahesabu mengine kabisa. Usafiri wa maji ndio unaotawala ratiba, na upepo wa ziwa mchana hauna cheo unachokiheshimu. Ondokeni alfajiri.

Mkifika, pimeni wote mkiwa mmesimama pale pale. Niliwahi kukuta mtaro wa bomba jipya umefukuliwa na greda lililokuwa likilainisha barabara. Bomba la plastiki lilikuwa limechanika urefu wa mtu, vipande vya buluu vimetapakaa kwenye kifusi, na fundi wa kijiji amekaa juu ya tuta hana la kusema. Mwendesha greda hakuwa na kosa; hakuna alama yoyote iliyomwonyesha bomba liko wapi, na lilikuwa limelazwa kina kifupi mno ukingoni mwa barabara. Tangu hapo huwa nasisitiza mambo matatu kabla watu hawajapanda gari kurudi. Vigingi vichomekwe kila bomba linapokata au kukaribia barabara, vipakwe rangi nyekundu. Kila sehemu hiyo ichukuliwe nukta za GPS, na faili moja la nukta hizo litumwe kwa wahandisi wote wawili. Na namba ya simu ya fundi bomba wa kijiji iwekwe kwenye simu ya msimamizi wa barabara. Kabla greda halijashusha jembe, fundi huyo apigiwe.

Hatua ya sita: muhtasari wenye majina

Vuta muhtasari wowote wa kikao cha wadau uangalie safu ya "Mhusika". Mara nyingi utakuta "Wote", au "Halmashauri/RUWASA/TARURA" kwa mikwaju. Kazi iliyoandikwa hivyo haina mwenyewe. Kila azimio liwe na cheo kimoja, tarehe moja, na kitu kinachoonekana: barua, kigingi, risiti, picha. Wanaosaidia waandikwe kwenye safu yao.

Kikao chenyewe kiwe kifupi, kila mwezi, siku ile ile, na kizunguke: mwezi huu ofisi ya maji, mwezi ujao ofisi ya barabara. Muhtasari utoke kesho yake. Ukikaa wiki mbili, kila mtu atakumbuka alichotaka kukumbuka.

Kuna jambo moja la utumishi ambalo wengi hulipita. Sasa kila mtumishi anapimwa kupitia PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, na anapimwa kwa majukumu aliyojiwekea na msimamizi wake. Kazi ya pamoja isipoandikwa mle, mtu anaifanya kwa hisani, na hisani huisha Mei watu wanapokimbizana na malengo yao. Mwombe mkurugenzi aiweke kwenye majukumu yako, na umshauri mwenzako wa taasisi ya pili afanye hivyo na bosi wake.

Hatua ya saba: ikikwama, panda ngazi kwa heshima

Itakwama mahali. Kabla ya kupanda, mpigie mhusika: "Injinia, hili limenizidi, nataka tulipeleke kwa Katibu Tawala, tuandike pamoja?" Mara nyingi hata yeye anakwamishwa na ofisi ya juu na atafurahi kupata mtu wa kusukuma naye. Ngazi zenyewe ni hizi: Katibu Tawala wa Wilaya, Mkuu wa Wilaya, kisha Katibu Tawala wa Mkoa. Kamati ya Ushauri ya Wilaya na ile ya Mkoa ni vyombo vya ushauri, lakini pale wakuu wa taasisi hukaa meza moja na kauli hutolewa mbele ya wote. Kwa barabara ipo pia Bodi ya Barabara ya Mkoa, inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa.

Tumia vikao hivyo kuomba uamuzi, na uje na uamuzi wenyewe umeshaandikwa. Usivitumie kumuumbua mwenzako. Meneja aliyeaibishwa mbele ya Mkuu wa Wilaya atatekeleza agizo hilo moja, na hatakupokelea simu mwaka mzima.

Mashirika, kambi na ziwa

Kigoma ina mipaka ambayo mikoa mingi haina. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyoko hapa hupanga kwa mwaka wa Januari hadi Desemba. Ukiwaomba fedha mwezi Julai, mwaka wako ndiyo umeanza na wao wameshamaliza nusu. Fanya nao mazungumzo maoteo ya mwaka wako ujao yanapofungwa, yaani Oktoba na Novemba. Ndipo kalenda mbili hizi zinapokutana. Shughuli yoyote ndani ya kambi ya wakimbizi, kama Nyarugusu, inahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na mkuu wa kambi ndiye mwenyeji wako. Usimpitie pembeni kwa kutegemea gari la shirika.

Mei 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga na kipindupindu kikalipuka, meli ya mv Liemba ilibeba mamia kwa mamia kutoka kijiji kisicho na gati, watu wakifikishwa melini kwa mitumbwi, wakashushwa Kigoma, wakapitia Uwanja wa Lake Tanganyika na kupanda mabasi hadi Nyarugusu. Serikali, kampuni ya meli na mashirika walifanya kazi kama ofisi moja. Wengi huutaja mfano huo kama ushahidi kwamba tukitaka tunaweza. Nakubali, lakini wakati wa dharura fedha huja kutoka nje na lengo ni moja kwa wote. Kwenye kazi ya kila siku kila mtu anatoa kwenye mfuko wake mwembamba, ndiyo maana hatua ya tatu ina uzito kuliko zote.

Ziwa lina funzo lingine. Uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, faida ya samaki kuongezeka ilikuwa ya wote. Gharama ilitua mahali maalumu: kwa mvuvi wa dagaa, kwa mama anayeanika, na kwa halmashauri zinazotoza ushuru mialoni. Unapopanga kazi ya pamoja, uliza mapema nani atabeba hasara wakati wengine wanavuna, na umwandalie kitu. Ukimnyamazia, ndiye atakayekwamisha.

Hatua ya mwisho: makabidhiano

Siku maji yanapofika zahanati, kuna swali la kulimaliza kabla ya kukata utepe: bili italipwa na nani? Chombo cha watumia maji cha kijiji kinanunua dizeli na kulipa fundi kwa makusanyo yake; zahanati isipolipa miezi mitatu, wataifunga koki, na watakuwa sahihi. Weka bili ya maji kwenye mpango wa mwaka wa kituo, ilipwe kutoka akaunti ya kituo kupitia FFARS, mfumo wa fedha wa vituo, na kamati ya usimamizi ya kituo ipitishe kiasi hicho kwenye kikao chake. Dira ya maji isomwe na watu wawili, mmoja wa zahanati na mmoja wa chombo cha maji, tarehe ile ile kila mwezi, wote wasaini kwenye daftari. Hati ya makabidhiano itaje matengenezo ya kila kipande ni ya nani: kuanzia chanzo hadi dira ni ya chombo cha maji, kuanzia dira hadi bomba la ndani ni ya zahanati. Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji, kwa sababu muuguzi atahamishwa, meneja atahamishwa, na wewe pia utahamishwa.